Bambo na Sindano: Istilahi za Vifaa vya Kuchukulia Tishu

Katika mitaa ya Ng'ambo, mjini Zanzibar, neno "sindano" lina kazi nyingi. Mwenye kushona kofia anayo yake. Mwenye kushona mikeka anayo kubwa zaidi, iitwayo shazia. Na katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, jirani kabisa na mitaa hiyo, iko ya muuguzi. Kwa hii ya tatu, watu wamezoea jambo moja: huingiza dawa. Basi mgonjwa mwenye uvimbe akiambiwa tu kwamba atachomwa sindano, aweza kurudi nyumbani akingojea nafuu, hali hakuna dawa iliyoingia mwilini mwake. Kilichofanyika ni kutolewa sehemu ndogo ya uvimbe ili ikapimwe. Idhini aliyoitoa haikuwa ya jambo lililotendwa.

Wengi husema "kukata kinyama". Msemo huu hatuupendi. Mwenye kuusema amekusudia nyama kidogo, lakini mwenye kuusoma katika fomu aweza kufahamu kuwa atakatwa kwa ukatili wa mnyama. Fomu ya hospitali si mahali pa fumbo. Wako pia wanaopendelea "kunyofoa" na "kudokoa". La kwanza ni kazi ya vidole vinavyorarua, na kurarua ndiko hasa kunakoepukwa na watengenezaji wa vifaa hivi. La pili linanuka wizi wa jikoni.

Lakini lugha yetu inalo neno lililokwisha kufanya kazi hii kwa miaka mingi. Bambo ni chuma chenye ncha na mvungu, ambacho mkaguzi hukichoma guniani na kutoa punje chache, akajua hali ya shehena bila ya kulifumua gunia. Kisiwa cha karafuu hakihitaji maelezo marefu juu ya kifaa hicho. Kwa hiyo twapendekeza "bambo la tishu" kwa kifaa kinachotoa kipande kizima, na "sindano ya kufyonzea" kwa ile nyembamba inayovuta seli na majimaji tu. Tofauti hii si ya maneno matupu. Seli zilizofyonzwa hutandazwa juu ya kioo na kuangaliwa moja moja. Kipande kizima huonyesha pia jinsi seli hizo zilivyojipanga, na mara nyingi katika saratani mpango huo ndio unaotakiwa kujulikana. Vifaa vyote viwili vina kazi Zanzibar: utafiti uliofanyika Mnazi Mmoja kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwe ulihusu kutambua kifua kikuu kilichojificha nje ya mapafu, kama vile katika tezi za shingo, ambazo hufikiwa kwa sindano ya kufyonzea.

Mfasiri hawezi kutaja sehemu za kifaa asizozifahamu kazi yake, kwa hiyo tueleze kidogo. Bambo la Silverman, la mwaka 1938, lilikuwa na ulimi uliopasuliwa pande mbili, ukabana nyama katikati. Mwaka 1958 Menghini wa Italia alieleza njia ya kutumia mwanzi mmoja wenye ncha kali na mvuto wa bomba, ambao hukaa ndani ya ini kwa muda wa kama sekunde moja. Baadaye likaja bambo la sehemu mbili: kijiti cha ndani chenye pengo ubavuni, na ala ya nje yenye makali. Kijiti hutangulia, nyama huingia penginoni, ala hufuata na kuikata. Mwaka 1982 Lindgren wa Uswidi alilitia springi, na tangu hapo kasi ya mkato haitegemei tena mkono wa daktari.

Yaliyobaki ni magumu zaidi. Bambo jembamba huumiza kidogo na hupunguza hatari ya kutoka damu, lakini hutoa kipande kidogo na hupinda njiani. Ncha iliyokatwa hanamu, neno wanalolifahamu waunda vyombo, husukumwa na nyama upande mmoja, ikakosa shabaha. Wahandisi wa Delft, Uholanzi, wamemwangalia nyigu, ambaye mrija wake wa kutagia mayai umeundwa kwa vipande vinavyoteleza kwa zamu; wengine wamemwangalia mbu, ambaye mdomo wake hutikisika unapopenya. Kila mpishi anajua siri hiyo: kisu kinachovutwa hukata kwa nguvu ndogo kuliko kinachokandamizwa.

Kwa mtumishi wa serikali anayeandika zabuni, hatari kubwa iko katika neno "geji". Hesabu yake imegeuzwa: geji 14 ina kipenyo cha nje cha milimita 2.1, geji 18 milimita 1.27, na geji 22, inayofaa kufyonzea, milimita 0.7 tu. Sasa "geji kubwa" ni ipi? Mmoja ataelewa namba kubwa, mwingine unene mkubwa, na shehena itakayoshushwa bandarini Malindi huenda isimfae mgonjwa hata mmoja. Twashauri maneno "geji kubwa" na "geji ndogo" yasitumike kabisa. Iandikwe "bambo la tishu, geji 14, kipenyo cha nje milimita 2.1", kisha urefu wa bambo na urefu wa pengo.

Kuhusu sehemu ya ndani, tumetumia "kijiti" kwa kuwa hatujapata lililo bora, ingawa kijiti ni cha mti na hiki ni chuma. Mafundi wa Ng'ambo, masonara hasa, huenda wanalo neno. Msomaji atakayelipata atuletee, pamoja na jina la chombo ambacho hutumika kwacho.