Deni la Senti Sitini

Kila mtu aliyelelewa mjini ana duka moja analolikumbuka kuliko mengine yote. Langu lilikuwa Jinja, hatua chache kutoka layini za polisi, ambako marehemu baba yangu alikuwa koplo. Hapo ndipo sisi watoto wa askari tulipoijua ladha ya pipi na ya maziwa baridi, na hapo ndipo mimi nilipoijua, kwa aibu, maana ya deni.

Lilikuwa duka la Mhindi, kama yalivyokuwa maduka mengi ya mji ule: baraza yenye nguzo, paa la mabati, na juu ya ukuta wa mbele mwaka wa kujengwa kwake umeandikwa kwa saruji. Upande wa kulia zilipangwa chupa kubwa za pipi, nyekundu, za kijani na zenye mistari, kila moja kwa senti 5. Kando yake palikuwa na sinia ya jalebi zinazong'aa kwa shira, na kashata za karanga na za ufuta, ambao kwetu Uganda huitwa simsim. Upande wa kushoto palikuwa na meza tatu na friji, na huko ndiko yalikouzwa maziwa.

Maziwa yaliletwa alfajiri kwa baiskeli kutoka vijiji vya Busoga. Mke wa mwenye duka aliyachemsha, akayaacha yapoe, kisha akayatia sharubati ya waridi hata yakapata wekundu hafifu, ndipo akayaweka katika friji. Bilauri moja ilikuwa senti 30. Yaliyobaki jioni yaligandishwa yakawa mtindi wa kesho. Sisi hatukujua kwamba raha ile yote ilitoka karibu nasi: baridi ililetwa na umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 juu ya mto Nile, na utamu ulitoka katika mashamba ya miwa ya Kakira, kilomita chache mashariki mwa mji.

Wasomaji waliokulia kambini wanajua kwamba mshahara wa askari haufiki mwisho wa mwezi. Ikipita tarehe 20, layini nzima iliishi kwa daftari la mwenye duka. Daftari lile lilikuwa na jalada jekundu, na hesabu zake ziliandikwa kwa Kigujarati, maandishi ambayo hakuna mama hata mmoja katika layini aliyeweza kuyasoma. Mama yangu aliweka hesabu yake kichwani. Mwisho wa mwezi hesabu hizo mbili zilikutanishwa kaunta, na ni mara chache sana zilipopishana.

Nami nilikuwa na ukurasa wangu, ambao wazazi hawakuujua. Siku mbili za joto kali nilikunywa maziwa ya waridi bila fedha, nikaahidi kwamba nitalipa nikipata. Mzee yule akaandika: senti 60.

Tarehe 4 Agosti 1972, Rais Idi Amin akizungumza na wanajeshi huko Tororo alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke nchini. Walipewa siku 90, na baadaye amri ikawagusa na wengine wengi. Jinja, mji ambao Waasia walikuwa sehemu kubwa ya wakazi wake, ulianza kuhama mbele ya macho yetu. Zaidi ya watu 27,000 walikwenda Uingereza, na maelfu wengine Kanada na kwingineko.

Katika layini yalizuka maneno mapya. Watu walisema hakuna haja ya kulipa, kwa kuwa anayeondoka hana pa kudai. Mama aliyasikia, akaendelea kuchambua mchele. Siku ya mshahara alifunga shilingi 23 katika pindo la kitambaa, akaniita. Jirani mmoja alipomcheka, alimjibu, "Sukari yake tulikula sisi, wala si serikali."

Nilipofika, nusu ya chupa zilikuwa tupu. Mzee alizihesabu fedha, akapiga mstari ukurasa wa mama. Kisha akafunua ukurasa mwingine, akautazama, akanitazama mimi. Mfukoni nilikuwa na shilingi nzima niliyopewa na mjomba. Nilikuwa nimeyasikia maneno ya watu wazima, nami nilikwisha kuipangia shilingi ile kazi nyingine. Nilinyamaza. Naye hakusema neno. Alifunga daftari, akanipa pipi mbili, akasema, "Msalimie mama." Juma lililofuata mlango ulikuwa na kufuli, na juu yake karatasi yenye mhuri.

Duka lilipewa mtu mwingine. Yaliyokuwamo yaliuzwa hata yakaisha, na mengine hayakuletwa. Friji ilichukuliwa. Uzalishaji wa sukari ukashuka mwaka hadi mwaka, hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya Kakira na Lugazi vilikuwa karibu vimesimama, ingawa baadaye vilifufuliwa. Sukari ikawa kitu cha foleni na magendo, na wadogo zangu walikua bila kujua pipi ya senti 5 ni kitu gani.

Baadaye nami nilivaa sare kama baba, nikaishi katika kambi nyingi. Kila kambi niliyokaa ilikuwa na duka lake na daftari lake. Nimeona mkubwa wa cheo akimkopa mwenye duka asiyethubutu kumdai, nikaijua mara moja ile shilingi iliyokuwa mfukoni mwangu. Kwa hiyo wanangu niliwatuma wao wenyewe kulipa deni la nyumba kila mwisho wa mwezi, nikawaambia wasubiri mpaka mstari upigwe. Mtoto aliyeona mstari ule ukipigwa hahitaji mahubiri marefu.

Miaka michache iliyopita nilipita Jinja. Jengo bado lipo, na mwaka wake bado unasomeka juu ya ukuta. Huuzwa humo vocha za simu na vinywaji. Niliomba maziwa, kijana akanitolea pakiti kutoka katika friji. Nikainywa nimesimama barazani.

Mwaka 1987 fedha yetu ilibadilishwa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya, na senti hazionekani tena madukani. Kwa hesabu ya benki, deni langu limekwisha kufutika. Kwa hesabu ya daftari lile lenye jalada jekundu, bado ni senti 60.