Maji Taka Yaliyosafishwa: Je, Yanarudi Kuwa Twahara?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Aliyeyajaalia maji kuwa uhai na twahara kwa waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Miji ya Waislamu inakua, na maji yatokayo vyooni na jikoni yanaongezeka. Sehemu nyingi maji hayo husafishwa kwa mitambo, kisha huelekezwa mitoni na mashambani. Ndipo maimamu huulizwa: je, maji haya yafaa kutawadhia? Tutalieleza suala hili kwa ufupi, inshaallah.

Msingi wa suala

Asili ya maji ni twahara. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya kisima cha Budhaa mjini Madina, ambacho uchafu ulikuwa ukiingia ndani yake, naye akahukumu kuwa maji yake ni twahara. Hata hivyo wanavyuoni wamekubaliana kwamba najisi ikiyabadilisha maji rangi, ladha au harufu, hunajisika hata yakiwa mengi.

Je, mabadiliko hayo yakiondoka? Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa maji mengi, yaani yaliyofika kullatain, hurudi kuwa twahara iwapo mabadiliko yameondoka yenyewe au kwa kuongezewa maji. Lakini harufu ikipotea kwa kutiwa miski, au rangi kwa kutiwa zafarani, hayarudi. Hekima yake iko wazi: miski haiondoi najisi, bali huificha. Basi hapa tunapata kipimo chetu: je, najisi imeondoka au imefichwa?

Mtambo unafanya nini?

Kwanza maji hupitishwa kwenye vyuma vya kuchujia takataka, kisha hutulizwa ili uzito uzame chini. Baadaye hupulizwa hewa, na vijidudu visivyoonekana kwa macho huula ule uchafu ulioyeyuka majini. Maji hutulizwa tena, vijidudu hivyo vikazama na kutengwa pamoja na tope. Mwisho hutiwa klorini. Klorini hiyo haikusudiwi kufunika harufu kama miski. Kazi yake ni kuua vijidudu vya maradhi katika maji yaliyokwishasafishwa. Kwa hiyo, mtambo ukifanya kazi sawasawa, huu ni uondoaji wala si ufichaji.

Kwa msingi huo, Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudi Arabia mwaka 1398 H (1978), na Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka mwaka 1409 H (1989), yaliamua kuwa maji hayo ni twahara iwapo hakuna tena athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu. Kuyanywa ni jambo jingine, kwani hapo huangaliwa pia madhara kwa afya. Sheikh Bakr Abu Zaid hakuafikiana na uamuzi wa mwaka 1409 H, na hoja yake ya kuchelea madhara isipuuzwe.

Funzo la Samra

Sharti hilo ndilo wengi wanalolisahau. Huko Jordan, mwaka 1985 yalifunguliwa mabwawa ya Samra kwa ajili ya maji taka ya Amman na Zarqa. Yalikadiriwa kupokea mita za ujazo 68,000 kwa siku. Kisha watu wakaongezeka, wakiwemo waliorejea kutoka Kuwait kutokana na vita vya 1990–1991. Mabwawa yakawa yanapokea zaidi ya maradufu ya uwezo wake, na maji yakatoka kabla hayajasafika vyema. Maji hayo huingia mto Zarqa na bwawa la Mfalme Talal, kisha hunywesheza mashamba ya Bonde la Jordan.

Mwaka 2008 mabwawa yale yalibadilishwa kwa mtambo mpya wa kupuliza hewa, na upanuzi uliokamilika mwaka 2015 ukaufikisha kwenye mita za ujazo 364,000 kwa siku.

Tazama, ndugu yangu: jina la mahali lilikuwa lile lile, lakini hali ya maji ilibadilika, na hukumu hufuata sababu yake. Imamu asiseme "haya yametoka mtamboni, basi ni twahara." Aulize: yametokaje? Mtambo uliozidiwa na watu hausafishi, bali hupitisha najisi kutoka kwa jirani hadi kwa jirani.

Wajibu wetu

Miji yetu kadhaa, kama Dar es Salaam na Moshi, nayo hutumia mabwawa ya maji taka. Basi kuyapanua kadiri watu wanavyoongezeka tusikuone kuwa ni kazi ya wahandisi peke yao. Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akatahadharisha juu ya kujisaidia penye njia za maji. Ikiwa mtu mmoja amekatazwa hayo, vipi mji mzima? Kuwakinga watu na madhara haya ni faradhi ya kutoshelezana: wakiacha wote, wote wenye uwezo wanapata dhambi. Na tuanze na misikiti na madrasa zetu: shimo la choo lisikaribiane na kisima tunachotawadhia.

Wallahu aalam, na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kuliko na taufiki.