Audiogramu Haina Tarehe: Utangulizi wa Somo la Kupima Usikivu

Mwezi Septemba 2021 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Banalia, kaskazini mwa Kisangani. Wakati wa kutangazwa, walioshukiwa kuugua walikuwa 261, na 129 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Somo tunalokukaribishia, msomaji, linaanzia kwa waliopona. Homa hii inajulikana kwa kuharibu sikio la ndani. Mtoto amerudi nyumbani, anakula, anacheza, lakini darasani anaitwa mtukutu au mzito wa kuelewa, kumbe hasikii. Kumtazama tu hakutoshi. Panahitajika kipimo, na mtu anayejua kipimo hicho kinaishia wapi.

Kipimo cha kila siku ni cha audiometa. Mgonjwa huvalishwa spika za masikioni, mpimaji anatuma mlio, naye anainua mkono akiusikia. Akiusikia, mlio unapunguzwa desibeli 10. Akiukosa, unaongezwa desibeli 5, hivyo hivyo mpaka ipatikane sauti ndogo kabisa anayoweza kuipata. Kila sikio hupimwa peke yake, kuanzia milio mizito ya hezi 250 hadi ile myembamba ya hezi 8000, na nukta zinazoandikwa kwenye karatasi ndizo audiogramu. Sifuri ya karatasi hiyo si ukimya. Ni wastani wa vijana wenye masikio mazima, na wapo watu wanaosikia hata chini yake. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu kuanzia desibeli 20, na kuanzia 35 katika sikio lililo bora mtu huhesabiwa kuwa anahitaji msaada.

Baadaye mlio hupitishwa kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Akisikia vizuri kwa mfupa na vibaya kwa hewa, kasoro iko nje au katikati: nta, usaha, kiwambo kilichotoboka. Njia zote mbili zikishuka pamoja, ubovu uko ndani zaidi, kwenye kochlea (kiungo cha sikio la ndani kinachopokea sauti) au kwenye neva. Mjerumani Heinrich Adolf Rinne alieleza ulinganisho huu mwaka 1855 akitumia chuma cha meno mawili kinachotetema, na mpaka leo chuma hicho humfaa sana muuguzi wa kituo kisicho na umeme. Kwa kweli hata penye umeme kuna shida zake. Jenereta ikinguruma dirishani, au mvua yetu ikipiga mabati, kelele hizo nzito hufunika milio ya chini, na mtu mwenye masikio mazima akaandikiwa upungufu asio nao.

Tuje kwenye yale ambayo kipimo hakiyasemi. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, na makombora zaidi ya 6,000 yakauangukia mji. Mlipuko wa karibu hupasua kiwambo na kuua seli za kochlea, na kelele kali mara nyingi huacha shimo kwenye audiogramu karibu na hezi 4000. Lakini shimo la namna hiyo huchimbwa pia na msumeno wa mbao au mashine za kiwandani. Karatasi haina tarehe wala haimtaji mkosaji. Tangu Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoiamuru Uganda, Februari 2022, iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325, wengi wangependa masikio yao yatoe ushahidi. Peke yake, audiogramu haiwezi. Lazima iambatane na historia ya mtu. Ndivyo ilivyo kwa dawa pia: streptomisini ya kifua kikuu huanza kula milio myembamba, huku mgonjwa akiendelea kuongea bila wasiwasi.

Jambo linalonivutia kuliko yote hapa kwetu ni lugha. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, karibu na Kisangani, aliyechapisha kitabu chake kuhusu ngoma zinazoongea mwaka 1949, alionyesha kwamba katika Kilokele neno lisaka linaweza kuwa dimbwi, ahadi au sumu, kutegemea toni. Toni husafiri katika sauti nzito. S, f na t huishi juu, kwenye milio inayotangulia kuharibika. Kwa hiyo Mlokele mzee huenda akafuata mengi nyumbani, kisha akapotea kwenye Kifaransa cha ofisini. Ukimpima kwa orodha ya maneno ya Kifaransa, utakuwa umepima sikio au shule? Naona orodha zilizotungwa kwa Kiswahili, Kilingala na Kilokele ni kazi nzuri ya utafiti kwa kijana anayetafuta mada.

Kuna pia wanaolalamika kuwa sokoni hawaelewi kitu ingawa audiogramu yao ni safi. Tusiwacheke. Mwaka 2009 Kujawa na Liberman walionyesha kwamba panya waliopigiwa kelele walipoteza viungo vingi kati ya seli za sikio na neva, ilhali viwango vyao vya kusikia vilirudi kama zamani. Kimya cha chumba cha kupimia huficha shida inayojitokeza penye kelele.

Watoto wachanga hawainui mkono. Kwao hutumika mwangwi ambao kochlea yenyewe huutoa, uliogunduliwa na David Kemp mwaka 1978. Mwangwi ukiwepo, kochlea inafanya kazi. Neva bado haijapimwa, ndiyo maana mtoto mwenye mashaka hupimwa pia mawimbi ya shina la ubongo.

Kwa aliyepona homa ya uti wa mgongo kuna haraka, kwa sababu kochlea iliyopata uvimbe yaweza kujaa mfupa na kuzuia kifaa cha kupandikizwa ndani ya sikio. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2025 unataka apimwe kabla ya kutoka hospitali, na ikishindikana, ndani ya wiki 4. Wewe utakayefanya kazi Banalia, Yakusu au Ubundu, usimruhusu mtoto huyo kwenda nyumbani bila tarehe ya kupimwa.