Mpira Mwepesi Kuliko Yai: Wamama, Tujifunze Kupiga Mbali

Juma hili tunawaletea habari ya golfu. Tunajua wengine watacheka. Golfu inasemwa kuwa mchezo wa matajiri, tena wa wanaume. Ni kweli kwamba fimbo zake ni za bei kali, na wengi wetu hatujaona kiwanja chake kwa macho. Vinavyojulikana katika nchi yetu viko mbali, Kinshasa na Lubumbashi. Lakini ndani ya mchezo huo kuna somo moja linalotuhusu sisi na binti zetu.

Sisi walimu, wakati wa mapumziko, tunaona jambo lile lile kila siku. Wavulana wanachukua uwanja wote kwa mpira wa miguu, wasichana wanabaki kando ya ukuta. Tulitafuta mchezo wa zamu, ambao mtoto hawezi kusukumwa nje. Tukakata fimbo za mianzi, tukafunga mifuko ya plastiki kwa kamba ikawa mpira, tukachora mstari chini. Kila mtoto apige mara tatu, halafu tuhesabu hatua.

Wavulana wakubwa walipiga kwa hasira, meno yameumana. Mpira ulikwenda hatua 12, mwingine 15. Kisha akaja msichana mmoja mwembamba wa mwaka wa tano. Hatua 27. Wavulana wakasema ni bahati. Akapiga tena: hatua 25. Tulipomuuliza amejifunza wapi, alitujibu kwamba hajajifunza popote. Yeye humsaidia mama yake kupiga kasia wanapovusha makala na sombe kutoka Lubunga.

Jioni ile mama yake alikuja kumtafuta kwa sababu alichelewa. Alituuliza, bila kuficha uchungu, mtoto mwanamke atapata faida gani kwa kupiga fimbo, na kazi inamngoja nyumbani. Hatukuwa na jibu zuri. Juma hili tunajaribu kumjibu.

Kwa nini mwembamba alimshinda mnene?

Mpira wa kweli wa golfu hauzidi gramu 46. Ni mwepesi kuliko yai la kuku la kawaida. Kitu chepesi namna hiyo hakihitaji nguvu nyingi ili kiende. Kinahitaji mwendo wa haraka wa ncha ya fimbo. Kumbukeni watoto wanaposhikana mikono kwa mstari na kuzunguka: wa katikati anageuka pole pole, wa mwisho anakimbia mpaka karibu aanguke. Ncha ya fimbo ni yule mtoto wa mwisho. Wa katikati ni kiuno chako.

Anayepiga kwa mikono peke yake anamfukuza mtoto wa mwisho bila kumzungusha wa katikati. Anachoka, na mpira hauendi. Lakini anayepiga kasia mtoni amekwisha kujua mpango: mguu unakaza, kiuno kinageuka, bega linafuata, mkono unakuja mwisho. Atazameni wavuvi Wagenia wanavyosimama juu ya mitumbwi yao penye maji makali. Hawashindani na mto kwa mikono tu. Mwili mzima unafanya kazi.

Namna ya kupiga

Maelezo haya ni kwa anayetumia mkono wa kuume. Wa kushoto ageuze.

1. Kushika. Mkono wa kushoto juu, wa kuume chini yake, yote miwili ikigusana. Usikaze. Shika kama unavyoshika kifaranga: asitoroke, lakini asiumie. Mkono uliokaza unafunga bega, na bega lililofungwa halizunguki.

2. Kusimama. Miguu iachane kama upana wa mabega, magoti yalegee kidogo. Inama kutoka kwenye nyonga, mgongo ubaki umenyooka. Hapa ndipo wengi wetu tunakosea hata shambani: tunapinda mgongo wote juu ya jembe fupi, halafu usiku tunalia kiuno. Mpira uwe mbele ya kisigino cha kushoto.

3. Kwenda nyuma. Geuza mabega pole pole mpaka mgongo wako utazame kule unakotaka mpira uende. Uzito uwe juu ya mguu wa kuume. Usiinue mikono tu, geuka.

4. Kurudi. Hii ndiyo siri yote. Anza na mguu wa kushoto: ukanyage. Kiuno kigeuke, mabega yafuate, mikono ije mwisho. Macho yabaki kwenye mpira mpaka uondoke.

5. Kumaliza. Usisimamishe fimbo kwenye mpira. Iache ipite, mpaka kifua chako kitazame mbele na uzito uwe juu ya mguu wa kushoto. Kama umeyumba, ujue umetumia nguvu kupita kiasi.

Fanya mara 10 bila mpira kwanza. Halafu piga na mpira kwa nusu ya nguvu zako, na uhesabu hatua. Wengi watashangaa kwamba nusu inafika mbali kuliko nguvu zote. Mara mbili kwa juma, nusu saa, inatosha kuona mabadiliko.

Tahadhari

Anayesubiri asimame hatua 8 kutoka kwa anayepiga, wala asisimame kule mpira unakokwenda. Msipige mawe. Mpira wa golfu wa kweli usipigwe ndani ya lupango, unaweza kumpofusha mtu. Mama mwenye mimba, aliyezaa karibuni au mwenye ugonjwa wa mgongo amwulize kwanza muuguzi wake.

Mama na binti yake

Sasa lile swali la faida. Mwaka 1900, kwenye michezo ya Olimpiki ya Paris, Mmarekani mmoja kijana, Margaret Abbott, alishinda shindano la golfu la wanawake. Mama yake, Mary, alicheza katika shindano lile lile siku hiyo hiyo. Mama alibaki nyuma sana, lakini alicheza. Mambo hayakupangwa vizuri wakati ule, na Margaret alikufa mwaka 1955 bila kujua kwamba alikuwa bingwa wa Olimpiki. Hakuna aliyemwambia.

Karibu na kwetu, Rose Naliaka wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kucheza golfu kama kazi, kisha akafungua shule ya kuwafundisha wasichana mchezo huo Nairobi. Na mwaka 2019, pwani ya Kenya, kule Vipingo, wanawake kutoka nchi nyingi walishindana; akashinda Esther Henseleit, kijana Mjerumani. Mwaka 2024 huyo huyo alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris.

Hatusemi kwamba binti zetu wa Kisangani watakwenda Olimpiki kwa fimbo ya mwanzi. Tunasema wasifanane na Margaret: wasiwe na uwezo ambao hakuna aliyewaambia kwamba wanao. Msichana wetu alidhani kupiga kasia ni kazi tu. Siku ile alijua kwamba mwili wake una ujuzi, na wavulana walilijua hilo pia. Tangu hapo, wakati wa mapumziko, hakai tena kando ya ukuta.

Siku ya posho iliyopita mama yake alirudi masomoni. Hakuja kumtafuta mtoto, alituomba fimbo. Pigo la kwanza lilikosa mpira kabisa, tukacheka wote, yeye zaidi. Pigo la pili, hatua 19. Binti akamsogelea, akamwambia kwa sauti ndogo aanze na mguu. Pigo la tatu lilipita ua wa shule, na watoto wakakimbia kutafuta mpira majanini.

Wamama, mianzi iko, mifuko ya zamani iko. Kateni fimbo mbili: ya mtoto na ya kwenu.