Trekta Kuukuu Linapokataa Kuwaka

Mvua za masika hazimngoji mtu. Mwaka mmoja jirani yangu aliamka alfajiri, mbegu zikiwa tayari ghalani, lakini trekta lake dogo lilikataa kuwaka. Stata ilitoa mlio mmoja tu, kisha ikawa kimya. Akaenda mjini, akanunua betri mpya kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mbolea. Alipoifunga, mlio ulikuwa ule ule. Ubovu haukuwa katika betri, bali katika waya mmoja ulioliwa na kutu, ambao ungaliweza kusafishwa kwa kipande cha msasa.

Trekta hilo ni Ferguson TE20 ya rangi ya kijivu, iliyoundwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hadi 1956. Zaidi ya matrekta 500,000 ya namna hiyo yalitengenezwa, na mengine yangali yakilima hata leo. Umeme wake si mgumu kufahamika: betri huupeleka kwenye stata na koili, na dainamo huirudishia betri kile ilichotoa. Basi atafutaye ubovu na aifuate njia hiyo kwa utaratibu.

Kwanza, betri. Ikiwa trekta lina taa, ziwashe, kisha jaribu kupiga stata. Taa zikififia sana, ama betri imeisha nguvu, ama kiungo fulani hakishiki. Zikibaki kung'aa na stata isizunguke, tazama swichi ya stata, nyaya zake, au stata yenyewe. Mwenye mita ajue kwamba betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha karibu 12.6 ikiwa imepumzika; ikiwa chini ya 12, haina nguvu.

Pili, viungo. Sugua vichwa vya betri hata ving'ae. Usisahau waya mnene uendao kwenye chuma cha trekta, maana kutu na rangi huzuia umeme. Katika trekta hili upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye chuma, kinyume cha magari ya siku hizi. Angalia sana usiigeuze betri. Waya huo ufunguliwe kwanza na urudishwe mwisho, ili spana isitoe cheche.

Tatu, ikiwa stata inazunguka lakini injini ya petroli haiwaki, toa plagi moja, iunge tena na waya wake, na uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na petroli. Mwenzako apige stata. Ukiona cheche yenye nguvu, tafuta ubovu katika petroli. Usipoiona, safisha pointi, kisha chunguza kondensa na koili.

Nne, betri ikiisha kila mara, kaza mkanda wa dainamo. Injini ikienda kwa mwendo wa wastani, volti za betri zapasa kupanda kupita 13. Zisipopanda, tazama brashi za dainamo na kisanduku kinachotawala umeme wake. Zikipanda, na betri bado inaisha usiku, huenda kuna waya uliochubuka unaogusa chuma.

Sasa neno la kuonya. Usipige stata kamwe kwa kuunganisha nyaya zake na bisibisi. Katika trekta hili mkono wa gia ndio upigao stata, ili injini isiwake ikiwa ndani ya gia. Mwenye kutumia bisibisi huuondoa ulinzi huo, naye amesimama karibu na gurudumu. Trekta likiwaka likiwa ndani ya gia, litamkanyaga. Watu wamekufa kwa njia hiyo. Tena usivute sigara karibu na betri, kwa kuwa hewa yake hulipuka.

Siku hizi jirani yangu husafisha viungo vyote kabla ya mawingu kukusanyika. Betri ile mpya bado anayo, naye huitazama kama mwanafunzi atazamavyo karo aliyolipa mara mbili.