Tusimsifu mwanamke kwa mzigo tuliomtwika

Wapo watu ambao wakiambiwa filamu ni ya uhalifu hutarajia milio ya bunduki, magari yakifukuzana barabarani, na shujaa wa kiume anayetoka motoni bila kuungua hata ukucha. Mimi nami nilikuwa katika kundi hilo. Ndiyo sababu nilipoketi kwa mara ya kwanza kuitazama filamu ya Kimarekani iitwayo Winter's Bone, iliyotolewa mwaka wa 2010, nilikaribia kuizima. Dakika kadhaa zilipita na hakuna aliyepigwa hata kofi. Nilimwona tu msichana akiwaandalia wadogo zake chakula, kisha afisa wa polisi akafika na kusimama mlangoni kumpa habari za karatasi.

Karatasi yenyewe ilihusu dhamana, na nilipolisikia neno hilo nilikaa kitako. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Msichana huyo anaitwa Ree Dolly, mwenye umri wa miaka 17, na makao yake ni milima ya Ozark katika jimbo la Missouri. Mama yake ni mgonjwa wa akili ambaye ni kama ameuaga ulimwengu ilhali yu hai. Baba yake alikamatwa kwa kosa la kupika methamfetamini, dawa ya kulevya iliyoharibu vijiji vingi vya sehemu hizo, akaachiliwa baada ya kuweka rehani nyumba na msitu wa familia. Sasa ametoweka. Asipofika kortini siku iliyopangwa, mama na watoto watatupwa nje. Ree hana budi kumtafuta, akiwa hai au maiti.

Anakwenda kwa miguu, nyumba hadi nyumba, akiwauliza jamaa zake wenyewe. Karibu wote ni watu wa damu moja naye, na karibu wote wanajua jambo wasilotaka lijulikane. Mbele ya nyumba ya mkubwa wa wahalifu anapokewa na mke wa mkubwa huyo, ambaye anataka kujua kama kwao hakuna mwanamume wa kuifanya kazi hiyo. Ree anajibu kwamba hakuna. Anaonywa asirudi, naye anarudi. Ndipo anapopigwa hadi kung'olewa jino, na wanaompiga ni wanawake.

Naomba radhi kwa msomaji ambaye hajaiona filamu hii, kwa maana siwezi kusema nililonalo bila kuutaja mwisho wake. Wanawake wale wale waliompiga wanamjia usiku, wanampakia katika mashua na kumpeleka kwenye kidimbwi ambamo maiti ya baba yake imefichwa. Anatakiwa kuishika mikono ya marehemu huku ikikatwa kwa msumeno wa injini, ili awe na ushahidi wa kuipelekea serikali. Nyumba inaokolewa. Hakuna anayekamatwa.

Filamu hii iligharimu dola milioni 2 hivi. Kwetu hizo ni fedha za kujengea shule, lakini huko Hollywood ni makombo ya mezani. Mwelekezi wake, Debra Granik, aliyeitoa katika riwaya ya Daniel Woodrell ya mwaka wa 2006, hakujenga mji wa bandia. Alikwenda Missouri kwenyewe, akapiga picha katika nyumba za wenyeji na kuwapa baadhi yao nafasi ya kuigiza. Katika riwaya Ree ana wadogo wawili wa kiume. Katika filamu mmoja wao ni wa kike, kwa kuwa mtoto mmoja wa papo hapo alipata nafasi hiyo. Afisa anayemhoji Ree anapotaka kujiunga na jeshi, akivutiwa na ahadi ya dola 40,000, alikuwa mwandikishaji wa jeshi kweli kweli. Jennifer Lawrence, aliyeigiza kama Ree, alikuwa bado hajajulikana sana. Mwaka wa 2010 filamu hiyo ilitunukiwa tuzo kuu ya majaji katika tamasha la Sundance, na baadaye ikateuliwa kuwania tuzo nne za Oscar, ikiwemo ile ya filamu bora. Haikupata hata moja, lakini ilikuwa imekwisha kufika mbali.

Wasanii wetu husema kwamba hatuwezi kutengeneza filamu za kusisimua kwa sababu hatuna fedha. Sikatai kwamba fedha ni muhimu. Hata hivyo, kilichonifanya nishike kiti kwa mikono miwili hakikununuliwa kwa fedha. Ilikuwa ni hofu ya kupoteza nyumba kwa ajili ya sahihi iliyotiwa na mtu mwingine. Hofu hiyo imejaa tele katika korti zetu, ambako kila siku watu huwasilisha hatimiliki za mashamba ili ndugu zao waachiliwe kwa dhamana.

Nayo ilishawahi kubisha hodi kwetu. Mnamo mwaka wa 2004, binamu yangu aliyekuwa utingo wa lori alishtakiwa kwa wizi wa magunia ya sukari. Baba mdogo alitoa hati ya shamba letu la Taita ili kijana aachiliwe. Muda si muda mzee akapooza upande mmoja wa mwili, na kijana akatoroka. Mahakama ikatoa siku 30: aletwe, au shamba litwaliwe.

Aliyefunga safari si mimi, wala si ndugu zangu watatu wa kiume. Ni mama mdogo, mwanamke wa miaka 50 na zaidi ambaye hadi siku hiyo hakuwa amelala mbali na nyumba yake isipokuwa kwa matanga. Alishuka hadi Voi, akaenda Mtito Andei, akarudi hadi Mariakani, akiuliza katika vibanda vya chai ambapo madereva wa malori hupumzika. Alitukanwa. Usiku mmoja aliporwa hata kiatu. Siku ya 23 alimpata mwanawe katika machimbo ya mawe upande wa Mazeras, akamleta mbele ya hakimu. Kijana alifungwa, na kesi ilipokwisha hati ikarudi nyumbani.

Tulimsifu sana. Katika kila mkutano wa ukoo tulisema kwamba mama huyu ni simba, ni chuma, ni mwanamke shupavu. Mimi mwenyewe nilisimama nikatoa hotuba, na watu wakapiga makofi. Yeye alitabasamu tu. Miaka mingi baadaye, baada ya kuiona filamu hii, nilimwendea nikamwuliza ni jambo gani lililomuumiza kuliko yote katika safari ile. Nilidhani atataja matusi, au usiku ule wa kuporwa. Akasema, "Kila nilipofika waliniuliza, mama, kwenu hakuna wanaume? Nami nilikuwa najibu kwamba hakuna, maana ningesema mpo ningeona aibu kwa niaba yenu. Nauli uliyonipa niliipokea, mwanangu. Lakini njiani nilikuwa peke yangu."

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nadhani sisi wanaume tumezidisha: tunautwika mzigo huo kichwani mwa mwanamke, kisha tunamsifu kwa uimara wa shingo yake. Sifa hizo hazitugharimu kitu. Zaidi ya hayo, zinatuondolea lawama, kwa kuwa anayeitwa chuma hatazamiwi kuchoka, na asiyechoka hahitaji msaada.

Hili ndilo ninaloipendea kazi ya Granik. Haimpi Ree bastola wala ngumi za ajabu. Ushupavu wake ni wa mtu asiye na mahali pengine pa kwenda, na filamu haituruhusu kuushangilia bila kuona ni nani waliomfikisha hapo: baba aliyetia sahihi, jamaa walionyamaza, na afisa wa polisi aliyefichua siri kwamba baba huyo alikuwa akitoa habari za wenzake. Hata ami yake, ambaye hatimaye anajitokeza kumtetea, kwanza alimkaripia na kumfukuza. Lakini walau alijitokeza. Mimi sikufika hata hapo.

Kwa hiyo, yeyote anayetaka kutunga hadithi ya uhalifu yenye mwanamke jasiri, na asilalamike kwamba mfuko wake ni mtupu. Aende akakae nje ya korti yoyote ya wilaya asubuhi ya Jumatatu na kuwatazama akina mama waliobeba bahasha za kaki. Nasi tunaobaki nyumbani, kabla ya kuandaa hotuba za sifa, tuvae viatu tufuatane nao.