Bip moja kila mangaribi: namna telefoni ndogo ilichunga wazee wetu wakati wa korona

Mu Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia mu inchi yetu, makompani kadhaa ya shaba na kobalti ya Haut-Katanga na Lualaba yaliamua hivi: mfanyakazi alale ndani ya mgodi, asitoke, ili kazi isisimame. Mwenye kukataa, kila mtu alijua nini inamungoja. Mimi nilikuwa kati ya wale waliobakia ndani, upande wa Kolwezi. Usiku wa kwanza hatukuongea sana juu ya mapafu yetu. Mu chumba chetu tulikuwa watu wanane, na ulizo lilikuwa moja tu: nani atamugeuza mama ku kitanda?

Mama yangu alikuwa amekwisha kupooza upande wa kuume, tangu miaka mbili. Anaishi Likasi pamoja na dada yangu mdogo. Akikosa dawa siku mbili, tansio inapanda. Kawaida mimi njo nilikuwa ninamupeleka kwa munganga kila mwisho wa mwezi, na franga ya dawa nilikuwa ninaitia mu mkono wake mwenyewe. Tarehe 24 Machi Rais alitangaza hali ya dharura. Lubumbashi ilikuwa imefungwa siku mbili nzima. Kutoka Kolwezi mpaka Likasi ni kama kilometa 180, lakini ile wakati ilikuwa kama bahari.

Siku hizi ninasikia watu wa ofisi wanaongea sana juu ya uganga wa mbali, na mashini za kuchunga wazee bila kuwagusa. Ni neno la kweli. Ku Ufaransa, mwanzo wa Machi 2020, watu walioongea na munganga kwa vidio walikuwa kama 10.000 kwa juma. Mu Aprili walifika karibu milioni moja kwa juma. Wazee wa manyumba ya kulelea walikatazwa wageni, wakawa wanaona watoto wao paka ndani ya tablete. Lakini kitu kimoja kilinifurahisha kuliko zile tablete: mu Aprili serikali yao ilikubali munganga alipwe hata kwa telefoni ya kawaida, bila picha, kwa mgonjwa mwenye kupita miaka 70 asiyekuwa na vyombo vya vidio. Basi hata kule, kwa matajiri, walirudi ku telefoni ndogo.

Kwetu ile telefoni ndogo ilikuwa yote. Tena mara mingi haikuwa na unité. Njo tukapanga bip. Kila mtu anajua bip: unapiga, unakata mbele mwenzako hajaitika, haulipe kitu. Saa kumi na mbili ya mangaribi, bip moja: mzee amekula na amemeza dawa. Bip mbili: kuko neno, upige wewe. Bip tatu zikifuatana: usingoje, tafuta munganga. Wale wa zamu ya usiku walikuwa wanaachia wenzao telefoni, na sisi tulikuwa tunaandika mu daftari: jina la mzee, saa, bip ngapi. Mimi kama delege wa sendika nilikuwa ninachunga daftari.

Dada yangu alipata bahati. Mu avenue yao kulikuwa mama mmoja, muuguzi aliyekwisha kwenda mu pansio, mwenye mashini ya kupima tansio. Alikuwa anapita siku ya kwanza na siku ya ine, anavaa maski, anapima, anasoma namba mbele ya telefoni. Mimi ninaziandika, kiisha ninaziambia munganga wa mama. Siku moja namba ya juu ilifika 190. Munganga akaongeza dawa pale pale kwa telefoni, nikatuma franga kwa telefoni, na mbele ya usiku dada alikuwa amenunua. Hakuna mtu aliyepanda gari. Ninasema wazi: bila ile mashini na yule mama, telefoni yangu ingenisaidia kulia tu.

Na franga za telefoni nazo ziko na maneno yake. Mzee asiyeona muzuri anamupatia mjukuu namba ya siri, mjukuu anatosha, analeta nusu. Mu chumba chetu tulisikia kesi mbili za namna ile. Tuliamua franga ya dawa ifike moja kwa moja kwa mwenye duka la dawa, mzee apewe paka dawa.

Sasa niseme ile iliyotushinda. Mwenzetu mmoja alikuwa na baba anayeishi peke yake, mzee wa Gécamines, mmoja wa wale 10.655 waliotolewa kazini mu 2003 na 2004 mu ile operesheni ya « départs volontaires ». Bip yake ilikuwa inafika kila siku, hata mbele ya saa. Mu Aprili ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika mu kartie yao, na kijana wa kuchajia watu telefoni alikuwa amefunga kibanda. Mtoto akasema: ni umeme. Siku ya pili: ni umeme. Na mimi niliandika mu daftari, kwa mkono wangu: umeme. Siku ya tatu jirani akasukuma mlango. Mzee alikuwa ameanguka, yuko chini, hajakunywa maji. Alikufa ku lopitali kiisha siku ine. Mtoto akiambiwa: ukitoka, haurudi. Alimuzika baba yake ndani ya telefoni ya android ya mwenzake, picha inakatika-katika, sisi saba tuko nyuma yake.

Kuanzia pale tulibadilisha. Bip isipofika saa moja ya usiku, jirani anaenda kwa miguu, anaita ku mlango. Tulichanga kila mmoja kidogo juu ya kuwashukuru wale majirani. Kompani haikutia hata franga moja.

Hali ya dharura iliisha mu Julai 2020. Daftari ninalo. Mu mazungumzo ya mapatano mapya tumeliweka ku meza. Sheria ya kazi inaomba mwajiri atunze mfanyakazi, bibi ao bwana yake, na watoto. Baba na mama hawamo. Hatuombi tablete. Tunaomba muuguzi mmoja mwenye telefoni kwa kila kambi, mashini za tansio kwa wazee wagonjwa, unité kwa mfanyakazi anayefungiwa ndani, na ruhusa ya siku tatu ya kuzika mzazi bila kupoteza kazi, hata kama ugonjwa gani uko inje. Hii ya mwisho njo tunaikamatia sana.

Walijibu kama watachunguza. Wakati wanachunguza, kila delege apite mu zamu yake na daftari, aandike majina ya wazee wenye kutegemea mfanyakazi, mahali wanaishi, na jirani gani anaweza kufika ku mlango wao kwa miguu.